Zamu ya Mama

Mji ule kila mtu anautaka, na hilo ndilo lililomponza Fundi Sponji. Angehamia mji usio na sifa, pengine angekuwa analala kitandani mwake.

Kazi yake ni makochi: kubandua kitambaa kilichochakaa, kung'oa misumari yenye kutu, kubadili sponji iliyokufa na kuvika kitambaa kipya mpaka mwenye kochi asilitambue. Chumbani kwake, ghorofa ya tatu, alijitengenezea kochi la kukunjua liwe kitanda. Wiki ya kwanza alilikalia kama bwana harusi. Kisha wageni wakaanza kumiminika.

Mjomba alikuja kushughulikia pasipoti, "siku mbili tu, mpwa wangu," akakaa mpaka majirani wakawa wanamsalimia yeye na kumpita mwenye chumba. Shangazi alihamisha masufuria yote, akauliza kwa nini hakuna sahani za maana. Binamu mmoja alikoroma mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Wote walitaka jambo moja: kupanda mnara wa katikati ya mji, ule unaowekwa kwenye kalenda, wapige picha kule juu. Fundi aliwaelekeza njia pale mlangoni, akaenda kazini mgongo ukimuuma kwa kulala sakafuni. Mtu anashonea watu makochi, mwenyewe analalia mabaki ya sponji! Ungecheka, na hata yeye mwanzoni alicheka.

Aliyemtaka hasa ni mama yake. Tangu mwanawe ahame, mama alikuwa na hamu moja tu: auone mji ule kwa macho yake, asimame juu ya mnara. Fundi naye alitaka aje chumba kikiwa kitupu, pazia jipya, kochi lake peke yake.

"Mama, njoo basi," alikuwa akimwambia kwenye simu.

"Nani yuko kwako sasa?"

"Shemeji, yule mke wa kaka, na watoto wake."

"Waache wastarehe. Mimi si mgeni, mwanangu, mimi ni mwenye nyumba. Wakiondoka nitakuja."

Jibu lilikuwa hilo hilo kila alipouliza, na kila mara Fundi alishusha pumzi, maana kumwambia ndugu aondoke ni kujitafutia maneno ukoo mzima. Anayetoka akawa anapishana ngazini na anayeingia. Safari moja mama aliongeza, "Ila ufanye haraka kidogo. Macho haya yananikimbia."

"Yakikimbia tutayakamata, mama," Fundi akamjibu, wakacheka wote wawili. Alidhani ni utani wa uzee. Hakuuliza zaidi, na laiti angeuliza!

Wageni walipokatika hatimaye, hakupiga simu. Alideki chumba, akatundika pazia, akafunga kibanda chake cha kazi na kupanda basi kwenda kumchukua mwenyewe. Alimkuta uani, kwenye kiti, mke wa kaka akimshika mkono kumwonyesha kikombe kilipo. Mama aligeukia vishindo vya miguu, lakini uso ukapitiliza kidogo.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kukuchukua."

"Karibu, baba. Umechelewa kidogo. Daktari anasema ugonjwa ulianza zamani, macho hayarudi tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefukuza watu kwa ajili yangu."

Fundi alitaka kuapa kwamba ndiyo, angewafukuza wote siku ile ile. Lakini alijijua. Akachuchumaa pale chini akalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Mama akampapasa kichwa.

"Basi, yaishe. Si wewe umeuona huo mji? Haya niambie, mtu akiwa juu ya mnara anaona nini?"

Fundi akajifuta machozi kwa kiganja. Miaka yote hiyo alipita chini ya mnara ule asubuhi na jioni, sponji begani, wala hakuwahi kupanda. Nani anapanda mnara wa mji anaoishi? Si upo tu, atapanda siku nyingine.

"Unaona mji wote, mama. Majumba. Watu wadogo wadogo kule chini."

"Na mto je? Unaonekana?"

"Unaonekana. Upande wa soko."

"Aa, shemeji, umesahau," mke wa kaka akadakia bila ubaya wowote. "Upande wa soko ni mabati matupu. Mto uko nyuma, unapinda mara mbili, halafu kuna daraja jekundu."

"Jekundu?" Mama akaondoa mkono kichwani mwa Fundi, akageuza uso kuelekea kwenye ile sauti. "Hebu nianzie mwanzo, mwanangu. Nielezee vizuri."

Mke wa kaka akasogeza kigoda karibu, akaanza kuelezea. Fundi akaketi pale chini, akasikiliza naye.