Magauni ya Kijani ya Maulidi

Rangi ya mikeka ikichemka ina harufu ya kukwangua koo mpaka machozi yakutoke. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa uani kwa mjomba, kijijini Kiuyu, ule Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameachwa, tumehamia kwa kaka yake, na baba alishatuma maneno kutoka Makoongwe: Maulidi yakipita na mama bado hana kazi ya kumlisha mtoto, nitakwenda kulelewa na shangazi. Kwa hiyo ustadhi wa chuo chetu cha Kurani alipompa mama kazi ya kushona sare za wasichana kumi na wawili wa kaswida, na kumwahidi kanzu za wavulana wote sare hizo zikipendeza, nilifurahi kijinga kabisa.

Pesa ya kitambaa kipya hatukuwa nayo. Tulikwenda Wete tukachambua mitumba hadi miguu ikafa ganzi, tukarudi na mashati meupe ya kiume, mapana, mengine yana madoa ya wino. Mama alifumua kola na mifuko, akaunga mashati mawili kuwa gauni moja, madoa akayaficha kwenye mapindo. Alishona vizuri mama yangu, na sisemi kwa sababu ni mama yangu. Ikabaki rangi. Tangu utoto wake alikuwa akisuka mikeka, na alijua ukindu ukichemshwa kwenye rangi ile hauchuji. Basi akachemsha magauni vivyo hivyo. Yalipokauka, kijani kimekolea, akasema, "Haya yamekamata." Hakufua hata moja kujaribu. Mimi ndiye niliyeyakunja, na viganja vyangu vyenye jasho vikatoka kijani. Nikavifuta kwenye kanga, nikanyamaza. Niliogopa akijua ataivunja kazi, nami nitapelekwa Makoongwe.

Asubuhi ya Maulidi jua lilikuwa kali. Kaswida ya pili haijaisha, jasho likaanza kushuka na rangi, shingoni, mikononi, kwenye mitandio meupe. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Bi Time alimvuta bintiye kwenye mstari akamwambia mama mbele ya kaumu, "Mwanangu ana ukurutu, Bi Asha, nawe unamvisha sumu?" Ustadhi hakugomba. Alisema tu kwamba kanzu atatafuta fundi mwingine. Shangazi alikuwa amekuja kusikiliza Maulidi, akayaona yote kwa macho yake. Siku ya pili yake alinishika mkono tukaenda, na mama hakutoka chumbani kuniaga.

Siku hizi sare za kaswida hununuliwa Chake zimeshashonwa, na binti yangu hajui hata kufumua pindo. Mama ninaishi naye, ni mtu mzima sana. Wageni wakija huwasimulia kwamba alinipoteza kwa uzembe wake, kwamba angefua gauni moja tu, angenilea mwenyewe. Husema hivyo nami nimekaa pale pale, na mpaka leo sijamkatiza.