Kopo la Mama Nilesh

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nikiwa sitaki kuikumbuka. Nikiosha vyombo inakuja, nikiwa kanisani katikati ya wimbo inakuja. Tangu juzi uliponitumia boksi lako kwa basi kutoka Mbeya, pamoja na lile tangazo ulilotaka nilisambaze kwenye grupu la akina mama wa Iringa, ndiyo imekuja ikakaa kabisa. Nimeshaanza kukuandikia mara tatu. Naandika mistari miwili, nainuka, nachungulia jikoni ambako sijapika kitu, narudi. Ningekutumia voisi, lakini najua voisi zangu huzisikilizi mpaka mwisho. Basi soma, na umvumilie mama yako mkubwa, maana leo sitakaa kitako mpaka niyamalize.

Hujui kwamba hata mimi niliwahi kuuza vitu hivyo hivyo, virutubisho vya makopo. Mama yako anajua, ila alinitunzia. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa hapa Iringa mjini. Duka lilikuwa la mzee mmoja Mhindi na mkewe. Mkewe tulimwita Mama Nilesh, kwa jina la mtoto wao aliyekuwa ameshahamia nje ya nchi. Alizaliwa Iringa hii hii, na Kihehe alikijua kuliko wewe. Kila asubuhi alikuwa akishuka ngazi kutoka juu walikokuwa wanaishi, ameshika ukuta, magoti yanamsumbua, na akifika chini ananisalimia Kihehe, "Kamwene, fundi." Nami namjibu, kisha anavuta kiti chake mlangoni na siku inaanza.

Sasa virutubisho vile vilipoingia mjini, mimi nilikuwa wa mbele. Mwenzangu wa kwaya ndiye aliyeniunganisha. Kulikuwa na kolajeni, unga wa magoti na ngozi, na kulikuwa na vidonge vya tumbo vyenye bakteria wazuri. Kwenye kundi letu la wauzaji wengi walikuwa wameishia darasa la saba, na mimi nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, kwa hiyo kopo likija na Kiingereza kigumu naletewa mimi. Nalisoma kwa sauti, natafsiri, watu wananiangalia. Raha yake acha tu. Ukizoea kuulizwa wewe kila siku, unasahau kabisa kuwa kuna vitu huvijui.

Siku hiyo ninayokuambia, Mama Nilesh alilichukua kopo la kolajeni mezani kwangu, akaligeuza geuza.

"Fundi, ndani yake kuna nini?"

Lilikuwa swali la kawaida, lakini si kwake. Yeye ni Mhindu, na tangu azaliwe hajawahi kula nyama, samaki wala yai. Maziwa alikunywa, basi. Kisu kilichogusa nyama hakiingii jikoni kwake. Alisoma Kigujarati utotoni, Kiingereza hakukijua, na macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mumewe alikuwa amesafiri kufuata mzigo. Mtu wa kumsomea pale nilikuwa mimi.

Nikalishika kopo, nikasoma. Mbele ya kolajeni kulikuwa na neno moja: bovine. Sikulijua. Ukweli ndio huo, mwanangu, sikulijua. Ila mkia wake niliuona, vine, na hiyo vine nilifundishwa shuleni kuwa ni mzabibu. Nikajiambia hiyo bo iliyotangulia itakuwa ni aina tu. Nikanyoosha shingo.

"Ni mmea, Mama Nilesh. Jamii ya mizabibu ya Ulaya. Ni asili tupu."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Ng'ambo ya barabara alikuwepo mwalimu mstaafu akiuza magazeti, na kamusi yake ilikuwa pale pale mezani, kila mtu anaijua. Kuvuka barabara ni hatua kumi na tano. Sikuvuka. Ningevukaje wakati nimeshasema kabisa?

Akaanza kunywa. Kila asubuhi anashuka na glasi yake ya stili yenye maziwa ya moto, anatia kijiko cha ule unga, anakoroga, anakunywa pole pole akiwa amekaa mlangoni. Baada ya miezi miwili akawa anashuka bila kushika ukuta. Kama ilikuwa ni ule unga, au ni baridi la Juni lililokuwa limeondoka, sijui, na sitakudanganya. Yeye aliamini ni unga, akawa ananisifia kwa kila mteja anayeingia.

Kisha tukaitwa semina Mbeya. Ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, na mkufunzi wetu alikuwa kijana mmoja amefunga tai, anaongea haraka. Akawasha mashine yake, na ukutani ikatokea picha ya ng'ombe. Akasema kolajeni yetu inatokana na ngozi na mifupa, inachemshwa mpaka unatoka ule unato wake, unakaushwa, unasagwa. Watu wanapiga picha na simu. Nikanyoosha mkono nikamuuliza, na bovine ni nini?

"Ndiyo hiyo, mama. Ya ng'ombe."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani natania. Mimi nikashusha mkono. Nimekulia Kalenga nikichochea sufuria la makongoro ya ng'ombe, wewe mwenyewe umeyala kwa bibi yako. Unajua supu ile ikilala kwenye baridi inavyoganda asubuhi, kijiko kinasimama. Huo mgando ndio nilikuwa nimemnywesha Mama Nilesh miezi miwili, na nilikuwa nimemwambia ni mzabibu.

Wakati wa chai nikamfuata yule kijana pembeni nikamweleza. Akaniambia, "Mama, si kapona magoti? Ukimwambia unamtafutia ugonjwa mwingine. Kaa kimya." Nilimchukia pale pale. Lakini ushauri wake niliuchukua, nikapanda nao basi.

Nilirudi Jumamosi. Jumatatu nikafika barazani nimeshajiandaa, hata kifuniko cha cherehani sijakitoa. Akashuka, Kamwene, fundi, akakaa. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kufunga. Siku ya mfungo hali chakula, anakunywa maziwa tu, na kwenye yale maziwa alitia kijiko cha unga wangu mbele ya macho yangu. Nikajiambia, siku ya mfungo humwambii mtu jambo kama hili, mheshimu amalize. Heshima gani, mwanangu? Ulikuwa woga.

Jumanne wakaja wateja wa sare za shule. Jumatano mumewe alirudi na mzigo kutoka safari nyingine, duka likajaa marobota. Alhamisi kichwa kiliniuma. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila siku alikunywa. Mimi kazi ikanishinda. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia kwenye magauni ya kwaya, nikafumua, nikakosea tena. Nilivunja sindano mpaka nikakosa ya akiba. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui niende wapi. Jumatatu ya pili ikafika, akafunga tena, akakoroga tena, akanywa, na mimi nikakata kitambaa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumanne asubuhi akaniambia, "Fundi, dada yangu anakuja kutoka Dodoma. Naye magoti yanamtesa. Niletee kopo lingine, nimpe zawadi."

Hapo ndipo niliposhindwa.

"Siwezi kukuletea," nikasema.

"Yamekwisha?"

"Hayajaisha. Mama Nilesh, ile ni ya ng'ombe."

Akatabasamu. "Maziwa?"

"Ngozi. Na mifupa. Lile neno sikulijua, nikakuambia ni mmea."

Hakupiga kelele. Angenipigia kelele ningeshukuru. Aliiweka glasi sakafuni taratibu, akaisukuma mbali na mguu wake.

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. Neno lilinifika mdomoni. Nikasema, "Tangu semina ya Mbeya."

Akaanza kuhesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole, kama wanavyohesabu wao. Alipomaliza akasimama, akapanda ngazi moja moja, ameshika ukuta. Siku nne sikumwona mlangoni. Mumewe alifungua duka, akaitika salamu yangu bila kuinua uso. Nilifunga vitu vyangu kwenye shuka, lakini sikuondoka, maana niliona kuondoka bila kuaga ni kukimbia mara ya pili.

Siku ya tano akashuka. Alikuwa amepungua usoni. Akavuta kiti, akakaa, akaniita nisogee.

"Neno hukulijua," alisema. "Mtu hawezi kujua maneno yote. Hilo nimelipeleka hekaluni, nimeliacha huko. Lakini mimi sioni vizuri, fundi, nikakuomba macho yako. Ukajua ninachokunywa, ukawa unaniangalia nikinywa. Asubuhi tisa. Hizo sijui nizipeleke wapi."

Nililia pale barazani mbele ya wateja. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kihehe. Akanishika bega.

"Cherehani yako ikae hapo hapo. Sikufukuzi."

Na kweli hakunifukuza. Salamu ilibaki ile ile, na wanangu alikuwa akiwaulizia kwa majina yao. Lakini kuna jambo moja lilibadilika. Sisi wawili tulikuwa na desturi. Kila nikitoka Kalenga namletea mahindi mabichi au maparachichi, tunakula pamoja mlangoni. Baada ya hapo niliendelea kuleta. Akawa ananiambia kwa upole, "Asante, fundi, nimeshiba." Wiki inayofuata nimeleta, ameshiba. Sikukuu nimeleta, ameshiba. Hakunisema kwa mtu, hakuninunia hata siku moja, ila kitu kilichotoka mkononi mwangu hakikupita tena mdomoni mwake. Ilikuwa miaka sita, mpaka walipofunga duka wakahamia Dar es Salaam. Siku ya kuondoka nilikwenda na maparachichi matatu, yameiva vizuri. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniombea heri, na maparachichi nilirudi nayo nyumbani.

Sasa hili boksi lako. Nimevaa miwani nimesoma makopo yote mawili, na kila neno nililokwama nilimpelekea mtu wa famasi nikamuuliza bila aibu. Kolajeni yako ni ya samaki. Watengenezaji wameandika marine, yaani ya bahari, samaki hawakumtaja, lakini ni ngozi ya samaki. Zile probaiotiki ni bakteria hai, ndugu zao wale wanaogandisha mtindi, na pembeni kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa wamesema kuna chembe za maziwa. Ganda la kidonge ni jelatini, mgando kama ule wa makongoro, na hawakusema ya mnyama gani. Na wewe kwenye tangazo umeandika nini? Asili asilimia mia, inamfaa kila mtu. Mwanangu, hata makongoro ni asili. Yupo mtu akila samaki midomo inavimba. Yupo maziwa yanamkimbiza chooni. Yupo Muislamu pale sokoni Mwanjelwa atakayekuuliza hiyo jelatini imetoka wapi, na utamjibu nini? Tangazo lako sijalisambaza, na lilivyo hivyo sitalisambaza.

Sikukatazi kuuza. Kama vinafanya kazi au havifanyi, mimi si daktari. Ninachokuambia ni hiki. Mtu akikuuliza ndani kuna nini, ana sababu yake, hata kama hakuambii. Msomee kilichoandikwa. Neno usilolijua usilikisie kwa mkia wake kama nilivyofanya mimi, nenda kaulize, na waliokupa mzigo wakishindwa kukujibu, mwambie mteja kwamba wameshindwa. Neno sijui ni fupi na halijawahi kumuua msemaji. Na siku ukigundua umemwambia mtu uongo, hata kama hukukusudia, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje wateja wapungue, usingoje kichwa kipoe. Siku nzuri ya kusema jambo kama hilo haipo, mimi niliitafuta siku tisa. Kwa kutojua utasamehewa na watu wengi. Kunyamaza baada ya kujua, mimi bado nangoja kusamehewa.

Uliniambia umeshauza makopo manne. Wapigie wote wanne leo, kabla hujala. Waambie ni samaki, waambie na habari ya maziwa na jelatini, na atakayekasirika mwache akasirike.

Mungu akupe macho ya kusoma herufi ndogo, mwanangu. Akupe ulimi usioona haya kusema sijui, na miguu miepesi ya kumrudia uliyemkosea. Biashara yako isimame, nyumba yako ijae, na kila atakayepokea kitu kutoka mkononi mwako akile bila wasiwasi. Amina.

Haya, chukua simu uwapigie.