Vifaranga wa Kangeta

Kithaka aliwahi kuendesha lori la chama cha kahawa, huko Embu, mpaka chama kikafa na lori likauzwa. Tangu hapo alikuwa akivunja kokoto, na viganja vyake vikawa vigumu hata akaona haya kushikana mikono na watu kanisani. Kwa hiyo alipopewa na kampuni moja pikapu ya kusambaza vifaranga, kwa majaribio, mke wake Wamuyu hakungoja majaribio yaishe. Alikwenda mbio kwa mzee wa kanisa kuomba nafasi ya kutoa shukrani Jumapili. Kithaka alimgombeza kidogo, lakini moyoni alifurahi.

Katika kampuni ile, dereva mgeni huzungushwa njia mara ya kwanza na msimamizi. Msimamizi mwenyewe alikuwa Misheck, kijana mwingi wa maneno na haba wa kazi. Asubuhi ya siku ya kwanza alitokea amevaa suti, safarini kwenda Mbeere na ndugu zake kupeleka mahari ya binamu yao.

"Mzee Kithaka, wewe ni dereva wa zamani, mimi nitakufundisha nini?" alisema. "Mikinduri ni kwa Marcella, Kangeta ni kwa Thuranira. Ukifika utauliza. Na ufunike vizuri, baridi ikiingia hizo vitu zinakufa zote."

Basi, hayo ndiyo mafunzo. Mtu anakabidhiwa pikapu nzima ya viumbe walioanguliwa jana, halafu anaambiwa ataulizia njiani!

Mikinduri mambo yalikwenda vizuri. Marcella alipokea maboksi yake, akachungulia ndani, akacheka kwa furaha. Kisha akammiminia chai. Kithaka, ambaye hakulelewa kumwacha mama wa watu na kikombe mkononi, aliketi akanywa. Alipoondoka alikuwa akiimba.

Aliingia Kangeta jua limeshapanda. Anayeijua Kangeta haingii na mzigo saa hizo. Miraa iliyochumwa alfajiri ilikuwa ikifungwa kwa majani ya migomba, magari ya kuipeleka Nairobi yamejipanga barabara nzima, na hapo hata mwenye duka huacha duka lake akaenda kufunga miraa. Duka la Thuranira lilikuwa na kufuli. Kithaka alimuuliza huyu, akamuuliza yule.

"Gari zitoke kwanza, mzee," walimjibu bila kuinua macho. "Thuranira yuko hapo ndani kwa watu, atakuja."

Kutoka hakuweza tena, kwa kuwa gari jingine lilikuwa limeegeshwa nyuma yake. Alimpigia Misheck. Mteja hapatikani. Akapiga tena, hivyo hivyo. Chini ya turubai vifaranga walikuwa wakilia kwa nguvu, na kila alipotaka kulifungua alikumbuka neno moja tu aliloambiwa: baridi. Jasho lilimtiririka mgongoni, naye bado aliogopa baridi. Upepo wa vumbi ulipoinua pembe moja ya turubai, aliikaza kwa kamba, tena akaikaza vizuri.

Baadaye kelele zikapungua. Akamshukuru Mungu, akidhani wamelala.

Thuranira alikuja akijifuta mikono utomvu wa migomba, akafungua turubai, akafungua boksi la juu. Akamgeuza kifaranga mmoja kwa kidole, akamrudisha juu ya wenzake waliolala miguu juu.

"Mzee, kwani hakuna mtu alikuambia uanze huku?" aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Yule dereva mwingine alikuwa anafika mapema, miraa bado iko shamba. Na hii turubai alikuwa anaacha nyuma wazi. Sasa hii mimi siwezi kupokea."

Kithaka alichovya kidole katika chupa yake ya maji, akawadondoshea vifaranga midomoni, mmoja baada ya mwingine. Wachache walimeza. Wengi hawakufungua mdomo. Alilia, mtu mzima na mvi zake, katikati ya soko, na hakuna aliyemcheka kwa kuwa hakuna aliyemwona. Gari la mwisho la miraa lilikuwa likitoka, na watu walikuwa wakilipigia mayowe.

Kesho yake alimweleza Misheck yote, tangu chai ya Marcella mpaka maneno ya Thuranira.

"Ungeuliza ungepungukiwa na nini, mzee?"

"Nilikupigia simu."

"Na mimi nilikuwa kwa wakwe za watu." Misheck alinyoosha mkono, akachukua ufunguo wa pikapu.

Uani alikuwa akingoja dereva mpya, kijana aitwaye Bundi. Kithaka alikuwa bado anafunga kamba ya kiatu pale mlangoni alipomsikia Misheck, mkono juu ya boneti, akifundisha: "Unaanza Kangeta, miraa bado iko shamba. Mikinduri ukirudi. Na turubai unaacha nyuma wazi, hizo vitu zinataka hewa."

"Asante, bosi," alisema Bundi. "Bila wewe ningepotea."

Kithaka alitembea mpaka nyumbani. Wamuyu alikuwa ameweka makaa kwenye pasi, shati jeupe la mumewe limetandazwa mezani.

"Baba, mzee wa kanisa amekubali," alisema, akinyoosha kola. "Jumapili sisi ndio tutaitwa wa kwanza."

Kithaka aliketi, akavua viatu, akatafuta pa kuanzia.