Mama mkwe anataka kuongea na dereva aliyemuua mwanawe

Admin, ukipandisha kisa hiki usiweke jina langu, maana sisi wa Uvira, huku Kongo, tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina mtoto mmoja wa kike, na ninafundisha Kifaransa sekondari. Mume wangu yuko Ubelgiji. Mama yake, mjane kutoka kijiji cha Makobola, anaishi na mimi tangu mwanawe aondoke. Ananipenda kama mtoto aliyemzaa, na ndiyo maana jambo hili ni gumu kwangu.

Mama mkwe alikuwa na watoto wawili, mume wangu na mdogo wake. Mwaka jana yule mdogo alipata nafasi ya kusoma Ulaya, akafikia kwa kaka yake. Hapa nyumbani tuliimba, tukapika, mama akatoa shukrani kanisani. Haikupita miezi mingi mume wangu akapiga simu analia. Akasema walikuwa njiani kwenda chuoni, kamyo la mizigo likawagonga ubavuni, mdogo wake amekufa. Alizikwa kulekule. Mama aliona mazishi ya mtoto wake kwenye simu yangu, mtandao ukikatika kila mara.

Baadaye, siku moja nikiwa peke yangu shuleni, mume wangu alinipigia akaniambia ukweli. Hakukuwa na kamyo. Ng'ambo ya mpaka, Ujerumani, kuna circuit, yaani barabara iliyojengwa kwa mashindano ya magari. Siku zingine wanaifungulia watu wa kawaida. Unaingia na gari lako mwenyewe, lile unaloendea sokoni, unavaa kofia ngumu, unalikimbiza unavyotaka.

"Nilimupeleka afurahi," aliniambia. "Unajua vile alikuwa anapenda magari tangu mutoto. Alikuwa anacheka, ananiambia, yaya, kaka yangu, ongeza. Nikaongeza. Tukafika ku kona ya kuteremuka, mvua ilikuwa imenyesha, gari ikanishinda. Ikapiga vyuma vya pembeni, upande wake. Minye nilivunjika bega tu."

Nikamuuliza kwa nini alisema kamyo.

"Ningemuambia mama nini? Eti nilimuua mutoto wake mu muchezo?"

Nilimhurumia, nikadhani nikinyamaza jambo litalala lenyewe.

Halikulala. Mwanzoni mama mkwe alikuwa akimlaani yule dereva wa kamyo kila akifumba macho kusali. Kisha mchungaji akahubiri juu ya kusamehe, na mama akafunga, akarudi ametulia kabisa. Akaanza kumuombea. Nilimsikia katikati ya wamama wa maombi akisema, "Mungu, ule muntu, umupe usingizi." Wenzake wakaitika amina. Mimi nikatoka nje.

Halafu alasiri moja tulikuwa uani tukichagua mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Weye uko najua Kifaransa. Muambie bwana yako atafute ule muntu wa kamyo. Nataka kuongea naye."

"Umuambie nini, mama?"

"Nimuambie nimemusamehe. Pengine hata yeye hakuli. Pengine na yeye iko na mama yake."

Nilimwambia mume wangu, nikitumaini maneno hayo yatamlainisha aseme ukweli. Akasema amesikia, akakata simu. Kesho yake akanipigia na mpango. Amempata mzungu mmoja anayefanya naye kazi. Jumapili, baada ya ibada, huyo mzungu atapiga simu, atajifanya ndiye dereva, ataomba msamaha kwa Kifaransa, na mimi nitamtafsiria mama.

"Mambo itaisha," akasema. "Mama atapumua."

"Sitaweza."

"Basi umuambie weye. Lakini ujue, siku mama atajua, minye sitaishi."

Tangu siku ile sijui kama alisema kwa hasira au anamaanisha. Kazi ameacha kwenda, chakula anasema hakipiti. Kule hana ndugu wa kumgongea mlango. Mimi visa sina, na yeye karatasi zake hazimruhusu kurudi sasa. Nikimpigia asipopokea, nawaachia wanafunzi zoezi, natoka darasani kumpigia tena.

Na huku mama amekwisha kuwaambia wamama wa kanisa. Watakuja kukaa naye simu ikilia. Amefua kitenge chake kizuri. Kila nikijaribu kuanza, "Mama, kuna kitu," ananitazama na ule uso wake uliotulia, nami naishia kumuuliza tutapika nini.

Jana aliniomba nimfundishe kusema nimekusamehe kwa Kifaransa. Alisema hataki maneno hayo yapitie kinywa cha mtu mwingine. Nikamfundisha. Leo asubuhi nzima alikuwa jikoni akikoroga uji na kurudiarudia, "Zhe vu paridone, zhe vu paridone." Akaniuliza, "Nikisema vile, atanielewa?"

Nikamjibu, "Atakuelewa, mama."

Mume wangu ameniambia kwamba Jumapili atakuwa ameketi karibu na yule mzungu, akisikiliza. Kwa hiyo maneno hayo yatamfikia yeye. Mama atakuwa amemsamehe mwanawe bila kujua, na mwanawe atakuwa ameupokea msamaha ambao hakuuomba. Saa zingine najiambia labda hiyo inatosha. Saa zingine naona nitakuwa nimemuibia mama kitu kikubwa kuliko kile alichokwisha kupoteza.

Ndugu zangu munaosoma, najua kuna wamama kati yenu, na kuna watu muliozika mbali. Musinitukane, nimekwisha kujitukana vya kutosha. Simu hiyo ikilia nami nimeishika mkononi, mama ananitazama midomo, nitafsiri ama niseme?