Magoti ya Bi Mgeni Mbele ya Bodi

Sogeeni, wenzangu, nikuhadithieni habari ya Bi Mgeni binti Haroub wa Mtambile, mpishi wa dakhalia, bweni la wanafunzi, ya skuli ya serikali. Si mtu wa kuandikwa magazetini, lakini vijana wengi wa Pemba wamekula chakula cha mkono wake.

Aliajiriwa mwaka tisini na tatu, vyama vingi vimeanza juzi tu. Karani alitaka watu wasiozidi miaka thelathini. Bi Mgeni alikuwa na thelathini na sita, na cheti cha kuzaliwa hana.

"Ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa Mapinduzi," akajibu bila kupepesa macho.

Ndivyo tulivyokuwa tukihesabu. Huyu kazaliwa mwaka wa njaa, yule mwaka karafuu zilipozaa sana, na karani huandika anachoambiwa. Ukweli ni kwamba mwaka ule wa Mapinduzi Bi Mgeni alikuwa keshang'oka meno ya mbele, na karafuu zilizodondoka akiziokota.

Miaka saba aliyojipunguzia haikumsumbua mpaka magoti yalipogoma. Sufuria la wali wa watu mia mbili halinyanyuliwi kwa dua peke yake. Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa akaambiwa aende Chake Chake, kwenye bodi ya madaktari, waone kama anastahiki pencheni ya ulemavu.

Mwanawema, mpishi mwenzake, akamfunda jikoni.

"Shoga, hiyo bahati yako. Karatasi inasema hamsini na tano, magoti yanasema themanini. Pencheni ya ulemavu nono, si kama hiyo ya kustaafu kwa hiari. We funga mdomo tu."

"Na wakiniuliza?"

"Lia. Kulia unakujua, nilikuona harusi ya Maisa."

Akaenda. Kwenye benchi la kungojea walikuwapo watu kama kumi, wakinung'unika kwamba serikali ina pesa ila ina roho mbaya. Afisa wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kijana mpole aitwaye Yasser, akawasikia.

"Wazee wangu, hizi si pesa za kuchotwa tu. Ni makato ya walio kazini leo. Wastaafu wanazidi, na Mungu anawajaalia umri mrefu, alhamdulillahi. Lakini tukimpa kila asiyestahiki, hawa wanaokatwa sasa watafika zamu yao wakute mfuko mtupu."

Bi Mgeni akamfikiria mwanawe. Binti yake Laila ni mwalimu Vitongoji, kila mwezi mshahara wake unakatwa. Tena yeye mwenyewe alishika upawa miaka ishirini na sita, akiwafukuza wanaorudi na sahani mara ya pili, maana wa mwisho kwenye foleni naye ni mtoto wa mtu. Akamtazama Yasser, akasema moyoni, kumbe huyu naye mpishi.

Akaitwa ndani. Daktari akayakunja magoti, yakalia kama mlango mkavu.

"Bi Mgeni, mtu wa hamsini na tano hawi na magoti haya bila ya maradhi. Nadhani tutakuandikia ulemavu." Akachukua kalamu.

"Ngoja, daktari. Mimi si wa hamsini na tano. Nina sitini na mbili."

Kalamu ikasimama. "Kwa hiyo huu ni uzee tu?"

"Uzee na masufuria."

"Ungeninyamazia, ningesaini."

"Ndiyo maana nimesema kabla hujasaini."

Yasser, aliyekaa pembeni ya daktari, akafunua jalada, akalifunga. "Bibi, sisi tunafuata umri ulioandikwa siku ya ajira, huo siwezi kuubadilisha. Ulemavu umekupita. Lakini kwa karatasi hii unaweza kustaafu kwa hiari, kwa pencheni ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

Akamwambia. Bi Mgeni akauma mdomo, akaweka saini.

Pencheni ya mwanzo ilitosha unga, mafuta ya kupikia na dawa ya kuchua. Yaliyobaki ilibidi ayatafute, basi akaanza kukaanga bajia kando ya barabara Mtambile, kaketi, miguu kainyoosha. Jioni moja Mwanawema akampitia, akasimama mikono kiunoni.

"Umejikosesha kwa mdomo wako mwenyewe, shoga."

"Najua. Na wewe usisimame bure, nikorogee hizo dengu."