Isale la Mazoezi

Shemeji yangu aliniomba msamaha mara moja tu maishani, tena ukumbini, mbele ya kitongoji kizima, kwenye mafunzo ya viongozi wa umoja wa majirani. Kwa sababu hiyo, mpaka leo sina pa kushtaki.

Ni binamu wa marehemu mume wangu, na ndiye mwenyekiti wa umoja wetu hapa Kibosho. Mimi nilikuwa katibu. Kazi zetu hazikuwa na makuu: msiba ukitokea tunapanga nani apike na nani achimbe kaburi, mvua ikiharibu barabara tunaitana na majembe, mgonjwa akizidiwa tunamteremsha Moshi. Tulizifanya pamoja miaka mingi bila kununiana. Kisha mume wangu akafariki, na masika ya kwanza baada ya mazishi shemeji aling'oa masale yaliyotenganisha kihamba chake, shamba la urithi linalozunguka nyumba, na changu. Kwetu isale ndilo mpaka, mmea usioguswa ovyo. Yeye aliyang'oa, akasogea kwangu, akapanda migomba katikati ya mibuni ya mama mkwe.

Nilimfuata. "Shemeji, mpaka uko wapi?"

"Uko pale pale ulipokuwa zamani za baba," alisema. "Marehemu alikuwa anajua. Ni vile tu hakukwambia."

Mtu akikuwekea maiti kuwa shahidi wake, utamhoji vipi? Niliwapigia wanangu walioko Dar. Mkubwa akasema, "Mama, achana nayo, tutakuja Krismasi." Krismasi walikuja, wakala, wakaondoka.

Ndipo yakaja mafunzo. Shirika moja la mjini lilitaka kuwafundisha viongozi na wanaojitolea mitaani na vijijini namna ya kusuluhisha migogoro. Tulikusanyika ukumbi wa parokia. Mwezeshaji alikuwa binti wa Njoro, pale Moshi mjini, rika la kitinda mimba wangu, mwenye adabu; alipita kila kiti akiwaamkia wazee shikamoo. Siku ya pili akasema anataka igizo.

"Naomba watu wawili. Mmoja amemkosea jirani yake kwa jambo la mpaka, sasa anakwenda kumwomba radhi."

Hakujua. Waliojua waliinamisha vichwa. Niliona aibu kama vile mkosaji ni mimi. Shemeji akasimama, akarekebisha koti lake.

"Mimi na katibu wangu tutaigiza," alisema.

Alitoka nje, akarudi na jani la isale amelifunga fundo. Mgeni anaweza kuliona ni jani tu. Kwetu mtu akikujia na isale kuomba msamaha humkatalii, hata kama amekuulia mtoto. Aliinama, akaninyooshea lile jani kwa mikono miwili.

"Mke wa ndugu yangu," alisema, "nimekukosea. Niliona umebaki peke yako, nikajua huna wa kukusemea, nikaingia kwako. Naomba unisamehe."

Maneno yale hakuna aliyempa. Hata sauti ilimtetemeka. Nikajiambia: alikosa ujasiri wa kuja mlangoni kwangu, sasa Mungu amempitishia humu kwenye mchezo. Machozi yakanitoka mbele za watu, mimi ambaye hata makaburini sikulia. Nikalipokea.

"Nimekusamehe, shemeji. Rudisha mpaka, yaishe."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Binti alifuta macho, akatupiga picha. Jioni ile nilimpelekea mke wa shemeji maziwa, tukaongea vizuri, nikalala kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Asubuhi nilisikia nyundo. Nilipofika shambani nilimkuta shemeji ameshasimamisha nguzo kwenye ile sehemu aliyoichukua, anapigilia seng'enge.

"Shemeji, jana tulisema nini?"

"Jana tulikuwa mafunzoni."

"Ulinipa isale."

"Binti alisema tuigize, tukaigiza." Hakugeuka. Aliongea huku misumari iko kinywani.

Nilikwenda kwa wazee wa ukoo. Walinisikiliza hadi mwisho, kisha mkubwa wao akauliza, "Alikuletea isale?"

"Aliniletea, baba, lakini anasema ulikuwa mchezo."

"Isale halina mchezo. Ukishalipokea, jambo limekwisha. Ukilifufua unajitakia mikosi."

Kwa hiyo kwake lilikuwa igizo, kwangu likawa kweli. Nilijaribu baraza la kata. Mmoja wa wajumbe alikuwepo ukumbini siku ile.

"Mama, ulisema kwa kinywa chako kwamba umesamehe."

"Nilisema pia arudishe mpaka."

"Hilo hatukulisikia. Watu walikuwa wanapiga makofi."

Nilimpigia yule binti. Nikamweleza yote. "Samahani sana, mama," alisema, "sikujua. Ila hatuwezi kuingilia, sisi kazi yetu ni kufundisha." Sikumlaumu siku ile. Nilimlaumu aliponipigia mwenyewe baada ya miezi kadhaa, akinieleza kwa unyenyekevu wote kwamba wakubwa wake waliupenda mfano wetu, je, ningekubali kwenda Sanya Juu na mwenyekiti kuigiza tena kwenye mafunzo ya huko?

"Mwanangu," nilimwambia, "shamba bado liko kwake."

Akasema ananielewa. Shemeji alikwenda na mama mwingine wa umoja, mtu mwema tu. Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, mama huyo alinishika mkono akidhani ananifurahisha. "Nilijitahidi kulia kama wewe," aliniambia, "lakini machozi yaligoma."

Ukatibu niliuacha wiki ile ile. Hakuna aliyeniuliza sababu; walisema nimechoka, umri. Siku hizi nakutana na shemeji misibani. Yeye anapanga watu, mimi namenya ndizi na wenzangu. Akiniona ananisalimia kwa sauti ya juu, ili kila mtu asikie, nami naitikia, maana nikinyamaza watasema ni mimi niliyebaki na kinyongo. Na ni kweli ninacho.