Taa Nyekundu Niliyoitoa

Gari langu limemzidi umri mtoto wangu wa kwanza. Linalala uani kwetu Mbagala, na mvua ikishakatika, rangi yake ya maziwa hung'aa kama kitu nilichokiona usingizini. Ndani hunuka ngozi kuukuu na marashi ya mke wangu, ingawa kwa muda mrefu hakuwa amekaa humo.

Zamani kila Jumapili tulikwenda Kipawa kwa dada yake. Siku moja kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo nyekundu, ile ya chaji.

"Baba watoto, taa yako inawaka."

"Naiona."

"Kama unaiona, si usimame?"

Sikusimama. Akanikumbusha tukienda, akanikumbusha tukirudi. Wiki ile nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi, nikaichomoa globu na kuitupa kwenye kisahani cha majivu. Baadaye nikakaza mkanda uliolegea wa alteneta, ile mashine inayochaji betri, nikajiona nimemaliza. Mke wangu nikamwambia fundi amesema taa ile haina kazi.

Jumapili iliyofuata gari likatuzimikia Kurasini, katikati ya malori ya makontena. Dereva mmoja akachungulia dirishani: "Mzee, sogeza kabati lako, watu tuna safari." Mke wangu akashuka na kitenge chake cha kanisani, akapanda bajaji bila kugeuka. Tangu hapo Kipawa alikwenda peke yake.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilibadilisha betri. Nikasugua vichwa vyake kwa maji ya moto mpaka ukungu ule mweupe ukatoka. Fundi umeme akafungua alteneta, akaweka kaboni mpya, kisha akafunga alteneta nyingine kabisa. Aliniuliza kuhusu taa ya chaji, nikamjibu globu imeungua, si kitu. Mita iliposhikizwa kwenye betri ilisoma volti kumi na mbili injini ikiwa imezima, na ikiwaka ilibaki hapo hapo, yaani betri haichajiwi. Basi nikawa nachaji betri nyumbani, naendesha peke yangu, narudi kabla ya giza huku redio ikififia polepole kama mtu anayepitiwa na usingizi.

Mwezi huu, alasiri moja baada ya mvua, uani kote kulikuwa na matope. Mke wangu akaja na beseni la kunde za kumenya, akaingia garini, akaketi kiti chake cha zamani.

"Nimekaa tu. Siendi popote."

Nikafungua swichi ili nipime tena. Akatazama dashibodi.

"Ile taa haiwaki."

"Ipi?"

"Ile uliyoninunia. Ukifungua swichi ilikuwa inawaka kwanza, injini ikiunguruma inazima. Nilikuwa nasubiri izime ndiyo nifunge mkanda."

Mkono wangu ukabaki kwenye ufunguo. Fizikia ya sekondari ikanirudia taratibu: umeme mdogo unaoiamsha alteneta ulikuwa unapita kwenye taa ile ile. Bila taa, alteneta ilikuwa inazunguka imelala.

"Niliitoa mimi," nikasema.

"Si fundi?"

"Hakuna fundi aliyesema."

Akamenya kunde tatu nne. "Taa ilikukosea nini?"

"Haikunikosea. Nilitaka wewe unyamaze."

Nikaikuta globu bado kwenye kisahani, chini ya vumbi na tiketi za kivuko. Nikaifuta kwa shati, nikairudisha mahali pake. Nilipofungua swichi, wekundu wake ukaangukia mikono ya mke wangu na beseni lote, kama kaa la moto lililopulizwa. Nikawasha injini. Taa ikazima. Mita ikapanda mpaka kumi na nne.

"Jumapili utapanda?" nikamuuliza.

"Usiniharakishe."

Injini iliunguruma, matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Baada ya muda akaliweka beseni chini miguuni, akavuta mkanda, akaufunga.

"Nizungushe mpaka barabarani tu," akasema. "Kunde hazijaisha."